Spesa za Magurudumu ya Nyuma

"Amekiri, afande," Koplo alisema huku akijifuta jasho shingoni. "Kwa hiari yake mwenyewe."

"Hiari yake iko wapi?"

"Mkono wa kulia, afande."

Koplo alicheka peke yake. Inspekta hakucheka wala hakukasirika. Watuhumiwa walikuwa wamempa Inspekta huyu jina la Shangazi, kwa sababu alikuwa na sauti ya mama anayekukaribisha chai, na wengi walikwisha kujifunga kwa vinywa vyao kabla hawajagundua kwamba chai yenyewe haiji. Alivua miwani, akaipuliza, akaivaa tena.

"Faili linakwenda lini kwa mwendesha mashtaka?"

"Leo leo. Mkubwa anataka liondoke kabla ofisi hazijafungwa. Likishafika kule na maungamo ndani, fundi huyo kwisha. Atazeekea jela."

"Haya. Nionyeshe gari kwanza."

Gari lilikuwa nyuma ya kituo, limelalia upande kama ng'ombe aliyechinjwa vibaya. Lilikuwa gari dogo la nyumbani, la mume na mke wenye binti mmoja mdogo. Mume alikuwa na duka la mapazia, na watu wote walimwita Pazia. Mke alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Jumamosi asubuhi Mwalimu aliliendesha gari hilo peke yake kwenda kwa mama yake mzazi, ng'ambo ya mlima. Alipofika katikati ya mteremko, gurudumu la nyuma la kushoto lilichomoka. Waliokuwa kando ya barabara walieleza kwamba gurudumu lilimpita, naye akaligeuzia shingo kulitazama, kama mtu anayepitwa njiani na mtu anayemfahamu. Kisha gari likajizungusha, likaugonga ukingo wa daraja. Walipomtoa alikuwa amekwisha kufa.

Chanzo hakikuwa siri. Kwenye magurudumu yote mawili ya nyuma kulikuwa na spesa. Spesa ni bamba la duara la chuma lenye matundu, linakaa katikati ya gurudumu na ekseli ili kulisukuma gurudumu nje, gari lionekane limepanua miguu. Vijana wanazipenda. Pazia alikuwa ameandikisha kituoni kwamba fundi wake ndiye aliyemshawishi aziweke, akazifunga siku ya Jumatatu alipokuwa akitengeneza breki, na kwamba yeye Pazia aliliendesha gari hilo wiki nzima, akiwa amepakia majora ya vitambaa, bila kuhisi chochote.

"Na hii hapa ndiyo iliyomkamatisha," Koplo alisema, akaonyesha nati za gurudumu la nyuma lililobaki. Kila nati ilikuwa na mchirizi wa rangi ya njano. "Alama yake. Hakuna gereji nyingine inayopaka hivi. Ni kama ameacha kidole."

"Ni kama ameacha kidole," Shangazi alirudia, akaenda zake mahabusu.

Fundi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Mkono wa kulia alikuwa ameufunga ndani ya shati lake la kazi na kuupakata kama mtoto mgonjwa. Alipomwona mwanamke alijaribu kusimama.

"Kaa, baba. Hizo spesa, ulizifunga wewe?"

Fundi alimtazama Koplo mlangoni kwanza. "Nimeshasema ndiyo."

"Ulimjibu yeye. Sasa nijibu mimi. Koplo, nenda kaniletee kiti."

"Kiti, afande? Hapa hakuna..."

"Kitafute mpaka ukipate."

Koplo akaondoka. Fundi akashusha pumzi.

"Sikuzifunga, mama. Alikuja nazo Jumatatu kwenye buti, ameziviringisha ndani ya kipande cha pazia. Alisema amepewa na shemeji yake, yule wanayemwita Ngurumo, kwamba shemeji anamcheka kuhusu gari. Akaniuliza, fundi, niziweke au nisiziweke? Nikamwambia usiziweke."

"Ukaishia hapo?"

"Aa, mteja ukimwambia usiweke ukaishia hapo, anakwenda kwa mwingine anayetaka hela ya haraka. Lazima umwonyeshe." Uso wa fundi ulichangamka kidogo, akasahau alipo. "Gurudumu linashikwa na stadi, zile nondo fupi zenye uzi. Nati inajisokota kwenye uzi huo. Sasa ukiweka spesa katikati, spesa inakula urefu wa stadi. Za gari lake ni fupi. Nikaweka spesa, nikarudisha gurudumu, nikamwambia zungusha nati mwenyewe kwa mkono. Akazungusha. Ikashika uzi kidogo tu, kama mtu anayening'inia dirishani kwa ncha za vidole. Nikamwambia, ukitaka spesa badilisha kwanza stadi uweke ndefu. Hizi ni kifo."

"Naye akasema nini?"

"Aliuliza vizuri sana, mama. Aliuliza, je, nikitoka hapa litachomoka getini? Nikamwambia hapana, kwenye tambarare litakwenda vizuri mpaka utaniona mimi mwongo. Litakuua kwenye mteremko, ukishika breki, gari likatikisika. Nati zinajifungua zenyewe, moja inaiita nyingine. Akauliza, dereva hatasikia? Nikamwambia atasikia mlio, atadhani ni ubovu wa barabara. Akauliza, la mbele na la nyuma, lipi linachelewa kujulikana? Nikamwambia la nyuma, kwa sababu usukani hautetemeki."

Shangazi alichuchumaa mbele yake.

"Alikuuliza mengi."

"Nilifurahi. Wateja wengi hawapendi kujua, wanataka ufunguo tu."

"Akaamua nini?"

"Akaamua kutoziweka. Nikazitoa, nikazirudisha kwenye buti. Akanishukuru, akanipa mkono." Fundi aliangalia kitu alichokipakata. "Huu huu."

"Na rangi ya njano, unaipakaje?"

"Nikishakaza nati mara ya mwisho. Napiga mstari mmoja, unaanza juu ya nati unaishia kwenye rimu. Nati ikilegea hata kidogo mstari unakatika, nusu iko huku na nusu iko kule. Mwenye gari anaona kwa macho, hata kama hajawahi kushika spana. Magurudumu yote manne nilikuwa nimeyafungua kwa ajili ya breki, yote nikayapiga mstari."

Koplo alirudi na stuli. Shangazi alipishana naye mlangoni. "Mpe fundi akalie," alisema. "Kisha nifuate."

Safari hii alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya gurudumu la mbele. Aliifuta nati ya kwanza kwa kitambaa. Mstari wa njano ulitoka kwenye nati, ukashuka kwenye rimu bila kukatika. Nati ya pili, vilevile. Zote za mbele zilikuwa sawa, kushoto na kulia. Akaenda nyuma, kwenye gurudumu lililobaki. Kwenye rimu kulikuwa na vipande vya mistari, na juu ya nati kulikuwa na vipande vyake, lakini hakuna kilichomtazama mwenzake. Nati moja ilielekeza alama yake juu, nyingine pembeni, nyingine chini kabisa.

"Umeona, Koplo?"

"Naona njano, afande."

"Macho unayo, basi. Alama inapigwa mwisho, kila kitu kikiwa kimekazwa. Kama fundi angekuwa amefunga spesa siku ile, mistari ya nyuma ingekutana kama ya mbele. Hizi nati bado zimekaza, hazikulegea njiani; zimefunguliwa na kufungwa tena baada ya gari kutoka kwake. Gari lilirudi gereji baada ya Jumatatu?"

"Halikurudi. Hata Pazia mwenyewe kasema halikurudi." Koplo alijikuna kidevu. "Lakini afande, ameshakiri."

"Ukinipa mkono wako mimi nitakufanya ukiri kwamba ulimzaa baba yako."

Koplo alirudisha mikono yake nyuma ya mgongo.

Ngurumo, ndugu mdogo wa marehemu, alikuwa na kibanda cha vifaa vya kupamba magari: taa za rangi, vifuniko vya usukani, vibandiko. Siku hiyo hakuwa ameuza kitu. Alikuwa amekaa kwenye bampa ya gari lake mwenyewe, gari la chini lenye bomba nene la moshi, ndevu hazijanyolewa.

"Pole kwa msiba, mwanangu," Shangazi alisema. "Spesa ulimpa shemeji yako lini?"

"Spesa gani? Mimi sijampa mtu kitu."

Shangazi hakubishana. Aliinama taratibu akashika goti, akalichungulia gurudumu la gari la Ngurumo. "Hapa kuna spesa. Na stadi umeweka ndefu, zimetokeza mpaka nje ya nati. Kumbe unajua. Unajua kabisa kwamba spesa bila stadi ndefu ni kifo, na ulimpa mwenzako spesa bila stadi."

"Afande, tumpakie?" Koplo aliuliza, pingu tayari mkononi. "Huyu huyu!"

"Nilimwambia abadilishe stadi!" Ngurumo aliruka. "Wallahi nilimwambia! Zilikuwa zangu za zamani. Nilikuwa nataniana naye tu. Gari lake linasimama miguu imebana kama mtu aliyezidiwa na haja, nikamwambia shemeji, chukua hizi, lipanue. Akachukua. Siku ya pili akaniambia ameghairi, fundi amemkataza. Nikamcheka. Tulikuwa mezani kwao. Nikamwambia dada, mumeo anaogopa hata gari lake. Dada naye akacheka. Alicheka mpaka akashika tumbo."

"Yeye Pazia akafanyaje?"

"Akacheka pia. Akasema, haya, mimi mwoga, nimeamua, siziweki."

"Kwa hiyo ulijua aliamua kutoziweka. Na tangu Jumamosi unajua kwamba fundi yuko ndani kwa sababu ya kuziweka."

Ngurumo alitazama viatu vyake.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema zimetoka kwangu, mama angesema nimemuua dada."

"Kwa hiyo ukaona bora fundi avunjwe vidole."

"Sikujua kama anapigwa."

"Ulidhani anapikiwa?" Shangazi alinyanyuka, akapangusa goti. "Gari lao lililala wapi Ijumaa?"

"Ndani ya ua. Geti linafungwa kwa kufuli, ufunguo shemeji analala nao chini ya mto. Mimi mwenyewe hata nikitaka maji ya kunywa pale lazima nibishe hodi mpaka mkono uchoke."

"Jumamosi dada yako alikuwa anakwenda kwa mama kutembea?"

"Alikuwa anahama. Alikuwa ameshamwambia hatarudi. Shemeji hakugomba, alimpakilia masanduku mwenyewe. Alimwangalizia hata maji ya rejeta. Nilikuwepo, nilikuja kumuaga."

"Na binti yao? Mwalimu alikuwa anamwacha?"

"Amwache wapi? Alikuwa aende naye. Mtoto alikuwa ameshakaa ndani ya gari, kiti cha nyuma, na mdoli wake. Shemeji akafungua mlango akamtoa. Akasema ana homa, apumzike, atampeleka kesho yake. Dada akambusu mtoto dirishani, akaondoka."

Shangazi alivua miwani, akaipuliza kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Koplo," alisema, "tuna gari la kituo linalofanana na lile?"

"Pacha wake, afande. Hata rangi."

"Lilete. Weka jeki, spana, na spesa zote mbili."

"Zile ni vidhibiti, afande. Haziruhusiwi kutoka kituoni."

"Na vidole vya fundi viliruhusiwa kutoka mahali pake?"

Nyumba ya Pazia ilikuwa na mapazia hata pasipo na dirisha. Mazito, yenye mikunjo ya kupangwa, mpaka sebule ilikuwa kama ndani ya sanduku. Mama mzazi wa Mwalimu alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, mjukuu kalala mapajani mwake. Alikuwa amekuja kumtunza mtoto tangu siku ya ajali. Pazia mwenyewe alikuwa kwenye kochi, amevaa shati lililopigwa pasi, macho mekundu.

"Mama, karibu," alimwambia Shangazi. "Mmemaliza na yule muuaji?"

"Bado kidogo. Nina mambo madogo madogo ya kuweka sawa, mwanangu, mimi kichwa changu kizito. Spesa zilitoka wapi?"

"Kwa fundi. Alikuwa nazo. Mimi hata kuziona sikuziona, nilikuta zimeshafungwa."

"Na stadi ndefu hakukuambia ubadilishe?"

"Hakuniambia kitu. Alisema zitashika barabara, nisiwe na wasiwasi. Mimi muuza mapazia, mama, nitajua wapi mambo ya stadi?"

"Wiki nzima ukaliendesha."

"Wiki nzima. Na mizigo. Halikutikisika hata siku moja. Ndiyo maana nikamruhusu mke wangu. Ningejua..." Aliufunika uso kwa viganja.

"Pole. Mtoto homa imeisha?"

Viganja havikushuka. "Imeisha."

Mama wa marehemu aliinua kichwa. "Homa gani? Nilifika hapa mchana ule ule waliponiletea habari. Nikampokea huyu mtoto, alikuwa baridi kama mtungi. Alikuwa anaruka ruka kwenye kochi."

"Ilikuwa ya asubuhi, mama," Pazia alisema. "Ikashuka."

"Ndivyo zilivyo za watoto," Shangazi alikubali, mpole kabisa. "Haya. Nimeridhika. Spesa ni salama, mwenyewe umejaribu wiki nzima. Basi fundi hana kosa la spesa, tutatafuta kosa lingine. Lakini mwendesha mashtaka mgumu, anataka tumwonyeshe. Tumekuja na gari la kituo, pacha wa lako. Koplo yuko nje anaweka spesa zile zile nyuma, stadi zile zile fupi. Wewe utaliendesha, tuteremke mlima mpaka kwa mama. Ukifika salama, maneno yako yamesimama."

Nje kulisikika jeki ikilalamika, kisha spana ikigonga chuma.

Pazia alisimama. Akakaa. "Sasa hivi?"

"Kwani una wageni?"

"Siwezi kuendesha. Nina msiba. Mikono inatetemeka."

"Ataendesha Koplo. Wewe utakaa pembeni." Shangazi alipiga magoti kwenye mkeka, akamgusa mtoto shavu. "Mama mdogo, amka. Unataka kwenda kwa bibi na gari?"

Mtoto alifungua macho. "Ndiyo."

"Haya kimbia, mlango uko wazi. Kaa kiti cha nyuma, kama siku ile."

Mtoto aliuchukua mdoli wake, akatoka mbio kwa miguu mitupu. Bibi yake alinyoosha mkono kumzuia, Shangazi akaushika mkono huo, akaukaza. Walisikia mlango wa gari ukifungwa. Injini ikawashwa.

"Mwondoeni mtoto," Pazia alisema.

"Kwa nini? Homa imeisha."

"Nimesema mwondoeni!"

"Wiki nzima, mwanangu. Na mizigo. Mtoto ana uzito gani? Hafiki hata jora moja."

Gari nje lilianza kusogea, kokoto zikilia chini ya magurudumu. Pazia alimsukuma Shangazi akaanguka juu ya meza, akakimbia mlangoni akipiga kelele.

"Simama! Litachomoka, nyie washenzi! Nati hazijashika! Zimeshika kwa ncha tu, zitajifungua kwenye mteremko! Simama!"

Gari lilisimama getini. Koplo aliteremka, akamfungulia mtoto mlango. Pazia alimnyakua, akakaa naye chini kwenye kokoto, akamkumbatia mpaka mtoto akalia kwa maumivu.

Shangazi alitoka taratibu, akishika nyonga.

"Nani alikuambia zinashika kwa ncha?"

Pazia alikuwa anahema. "Fundi."

"Fundi si alikuambia zitashika barabara, usiwe na wasiwasi? Hakukuambia kitu cha stadi. Umesema ndani sasa hivi, mama mkwe wako anasikia."

Pazia aliuficha uso kichwani kwa mtoto.

"Na kwenye mteremko zitajifungua. Nalo alikuambia?"

"Alinieleza yote," Pazia alisema kwa sauti ndogo, mdomo ukiwa kwenye nywele za mtoto. "Alikuwa anacheka pamoja na ndugu yake. Mezani kwangu. Anakula chakula changu, anacheka. Halafu ananiambia anahama. Nilimpakilia masanduku. Nilimwambia mke wangu, endesha taratibu. Nilimwambia!"

"Ukazifunga lini?"

"Ijumaa. Alipokuwa anapanga nguo."

Bibi alikuwa amefika mlangoni, ameshika fremu. Hakulia. Aliteremka kwenye kokoto, akamtoa mjukuu wake mikononi mwa mkwewe, kidole kimoja kimoja, kama anayefungua fundo. Koplo akafunga pingu.

"Magurudumu hatujayagusa," Shangazi alimwambia mama huyo. "Koplo alipandisha jeki na kuishusha, akagonga spana. Gari ni zima. Mjukuu wako hakuwa kwenye hatari yoyote."

"Yeye alijua?"

"Nani?"

"Mtoto. Alijua kwamba ni zima?"

"Hapana."

"Umemfanya mjukuu wangu chambo."

"Ndiyo, mama," Shangazi alisema. "Sikuwa na kingine anachokipenda."

Faili halikwenda siku hiyo. Maungamo yalichanwa mbele ya Mkubwa, ambaye alisema maneno mawili matatu kuhusu vidhibiti kutolewa kituoni na hakusema lolote kuhusu vidole. Koplo alipelekwa kusimamia geti. Shangazi aliwaita fundi na mama wa marehemu katika chumba kimoja, kwa sababu kituo hakikuwa na chumba cha pili chenye mlango unaofungika.

"Uko huru," alimwambia fundi. "Nguo zako na viatu viko kaunta."

Fundi alimtazama mama aliyevaa nguo nyeusi, akamjua. "Mama, mimi sikuzifunga. Nilimkataza."

"Nimeambiwa."

"Nilimwonyesha kwa macho yake. Nilimweleza kila kitu ili aogope."

"Alikuuliza dereva atasikia nini?"

"Aliniuliza."

"Na lipi linachelewa kujulikana?"

Maana ya maswali yale ilimjia fundi polepole. Shangazi aliiona ikipanda usoni mwake kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Fundi alishika ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto.

"Ulimjibu?" mama aliuliza.

"Nilimjibu, mama."

"Vizuri?"

"Vizuri sana."

Mama alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa bei ya kitu asichoweza kukinunua.

"Kesi ya Pazia bila wewe haisimami," Shangazi alimwambia fundi. "Kilio na maneno yake ya kwenye kokoto, wakili wake atasema ni uchungu wa mzazi. Lazima uje mahakamani. Utapanda kizimbani useme yote uliyomweleza siku ile, swali lake na jibu lako, neno kwa neno. La mteremko. La mlio. La gurudumu la nyuma. Usiruke hata moja, maana ukiruka moja anatoka."

"Yote?"

"Yote. Mbele ya watu."

"Mbele yake?" Fundi hakuthubutu kumnyooshea mama kidole.

Mama wa Mwalimu alikuwa ameshasimama, anajifunga kitambaa kichwani.

"Nitakaa mbele kabisa," alisema. "Masikio yangu siku hizi mazito. Utasema kwa sauti."